Kutoka Gati ya Wete hadi Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Biashara na Majirani

Maswali haya nimeyakusanya gatini, sokoni na barazani. Wanaoyauliza ni akina mama wa mikeka na dagaa, vijana wanaoleta bidhaa kutoka Mombasa, wakulima wa viungo na manahodha. Mimi ni wakala wa forodha, mzaliwa wa Wete, Pemba. Sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kuwaeleza watu haki ambazo tayari wanazo. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki imeandikwa Kiingereza, na anayeihitaji zaidi ndiye asiyeweza kuisoma. Hilo linaniuma, na ndiyo sababu ya kuandika.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ni nchi zipi, na Zanzibar imo kama nani?

Nchi ni nane: Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Somalia. Mkataba ulitiwa saini tarehe 30 Novemba 1999 na nchi tatu za mwanzo, ukaanza kazi Julai 2000. Rwanda na Burundi ziliingia 2007, Sudan Kusini 2016, Kongo 2022 na Somalia 2024. Makao makuu ni Arusha. Wazee wataikumbuka ile ya kwanza, ya 1967, iliyovunjika 1977.

Zanzibar haimo kwa jina lake. Mwanachama ni Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, na sisi tumo ndani yake. Kwa hiyo mkeka wa Pemba ukifika Mombasa, kwenye karatasi ni bidhaa ya Tanzania. Usiandike «Zanzibar» peke yake mahali panapouliza nchi ya asili. Nimeona mzigo ukikaa siku mbili kwa neno hilo moja.

Basi sera ya biashara ya nje inaamuliwa na nani: Unguja, Dodoma au Arusha?

Wote watatu, kila mmoja kwa sehemu yake, na mchanganyiko huo ndio unaowachosha watu.

Biashara ya nchi za nje imo katika orodha ya mambo ya Muungano. Ilikuwamo tangu Hati za Muungano za 1964, orodha ilipokuwa na mambo 11, na imo hadi leo yakiwa 22. Ushuru wa forodha pia umo. Ndiyo maana aliyeko bandarini Mkoani, Pemba, au Malindi, Unguja, kwa kazi ya forodha ni TRA, mamlaka ya mapato ya Muungano, wakati kodi ya ongezeko la thamani ya hapa Visiwani ina sheria yake ya 1998 na inakusanywa na mamlaka ya mapato ya Zanzibar, ZRA. Leseni za biashara, viwango vya bidhaa na ukaguzi wa vyakula navyo vina taasisi zetu wenyewe.

Mipaka ya mamlaka haya imewahi kujaribiwa. Desemba 1992 Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, ikajitoa Agosti 1993 baada ya mjadala mkali kuhusu nani mwenye haki ya kuingia mikataba na nje. Makubaliano ya kibiashara na majirani hupita kwenye wizara ya Muungano ya mambo ya nje na ushirikiano wa Afrika Mashariki.

Arusha ndiko viwango vya ushuru vinakokubaliwa na mawaziri wa fedha wa nchi zote. Maamuzi ya mwaka hutangazwa kwenye gazeti la serikali la Jumuiya mwisho wa Juni na kuanza tarehe 1 Julai. Ikiwa unaagiza mzigo, usikisie ushuru wa Agosti kwa risiti ya Mei.

Nikipeleka mikeka, dagaa au viungo Mombasa, natozwa ushuru wa forodha?

Hutozwi, ikiwa bidhaa ni ya hapa na unayo karatasi inayothibitisha hivyo. Nusu ya pili ya jibu ndiyo inayowatia watu hasara.

Umoja wa forodha ulianza Januari 2005. Kwa miaka mitano Kenya, iliyokuwa na viwanda vingi zaidi, iliendelea kutozwa ushuru mdogo kwa baadhi ya bidhaa ilizouza Tanzania na Uganda, ukipungua kila mwaka. Tangu 2010 hilo nalo limekwisha. Bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya inavuka mpaka bila ushuru wa forodha, lakini lazima ithibitishwe kuwa imezalishwa humo.

Uthibitisho wenyewe ni cheti cha uasili wa bidhaa. Kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani upo utaratibu mwepesi uliowekwa makusudi kwa wafanyabiashara wadogo: fomu fupi, inayosema mzigo ni nini, wa nani, una thamani gani na umezalishwa wapi, ikagongwa muhuri na ofisa wa forodha. Unapatikana kwa bidhaa zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa na nchi zenyewe, nyingi zikiwa za shamba, za mifugo na za mikono. Mzigo mkubwa zaidi unahitaji cheti kamili.

Safari yangu ya kwanza, kabla sijafikiria uwakala, nilipakia viroba 12 vya dagaa na mafurushi ya mikeka ya mama yangu na shangazi zangu. Kusi lilikuwa linavuma vizuri, tukaingia Mombasa alfajiri. Ofisa aliyekuja chomboni alikuwa kijana mpole. Akauliza, «Cheti kiko wapi, ndugu yangu?» Nikampa barua ya sheha, mkuu wa mtaa wetu. Aliisoma yote, neno kwa neno, akaikunja kama ilivyokuwa, akanirudishia. Kisha akanikadiria asilimia 25, kiwango kile kile anachokadiriwa mtu aliyeleta samaki wakavu kutoka nje ya Jumuiya. Niliuza mikeka pale pale gatini kwa bei ya kutupa ili nipate pesa ya kutoa dagaa. Ukili wa mikeka ile ulisukwa tangu Rajabu hadi Ramadhani. Mama hakunilaumu, lakini aliuliza swali ambalo mpaka leo ndilo linalonifanya nifanye kazi hii: «Hiyo karatasi ingegharimu nini?» Ingegharimu asubuhi moja, ofisini, kabla ya kupakia.

Kwa hiyo nenda forodha ya bandari yako kabla mzigo haujapanda chomboni. Cheti hutolewa unakotoka. Ukifika unakokwenda huna wa kukuandikia.

Rangi ya mikeka yangu inatoka India. Mkeka bado ni wa hapa?

Ndiyo. Miyaa imekatwa hapa, ukili umesukwa hapa, mkeka umeshonwa hapa. Rangi ya dukani haiubadilishi kuwa wa India. Kanuni za uasili zinatazama mambo mawili: bidhaa iliyopatikana yote ndani ya Jumuiya, kama karafuu, samaki na nazi, na bidhaa iliyotumia vitu vya nje lakini ikafanyiwa kazi ya kutosha ndani mpaka ikawa kitu kingine.

Sabuni ya mwani inayotengenezwa na akina mama wa Paje au wa Pemba ni mfano mwingine mzuri. Hata kama chupa au manukato yametoka nje, kazi imefanyika hapa. Lakini kufungua gunia la mchele wa Thailand na kuutia kwenye pakiti ndogo zenye picha ya mnara wa Zanzibar si kazi ya kutosha. Kufungasha na kubandika lebo hakubadilishi asili.

Nimenunua nguo Dubai, nikazilipia ushuru wote Unguja. Kwa nini Mombasa wanataka ushuru tena?

Kwa sababu kupita Zanzibar hakuzifanyi kuwa za Zanzibar. Msamaha ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, na nguo zako zimezalishwa China au India. Zikivuka kwenda Kenya zinahesabiwa kuwa mzigo wa kutoka nje.

Lawama za watu hapa nazielewa kabisa. Kwenye umoja wa forodha uliokamilika, bidhaa ya nje ingelipiwa mara moja tu mlangoni kisha ikazunguka popote. Mwaka 2014 nchi zilianza mfumo wa eneo moja la forodha kwa nia hiyo, ambapo kodi hulipwa nchi ya mwisho mzigo ukiwa bado bandari ya kwanza. Unafaa sana kwa kontena la Mombasa linalokwenda Kampala. Kwa mtu mwenye marobota manne ya madira aliyeshuka ndege Unguja na kupanda jahazi Wete, haujafika. Ikiwa unajua tangu mwanzo kwamba mzigo ni wa Mombasa, usiulipie Unguja. Mwambie wakala wako aupitishe kama mzigo wa safari, chini ya dhamana, ushuru ulipwe Kenya peke yake.

Wazee wanasema zamani Zanzibar ndiyo ilikuwa soko la wote na hakukuwa na makaratasi haya. Ni kweli?

Soko la wote, kweli. Makaratasi na ushuru vilikuwapo. Pale Forodhani, Unguja, wageni wanapokula mishikaki na juisi ya miwa jioni, jina lenyewe linakwambia palikuwa nini. Tarehe 21 Septemba 1833 Seyyid Said alitiliana mkataba wa biashara na Marekani, na ushuru ukawekwa asilimia 5. Waingereza walifuata 1839 na Wafaransa 1844. Kitambaa cha merikani, ambacho bibi zetu wanakitaja mpaka leo, kiliingia kwa mlango huo. Mwaka 1840 merikebu ya Sultana ilifika New York ikiwa na mzigo kutoka Zanzibar, pamoja na karafuu.

Na Mombasa haikuwa ng'ambo. Ukanda wa pwani ya Kenya, upana wa maili kumi, ulihesabiwa kuwa wa Sultani wa Zanzibar hadi makubaliano ya Oktoba 1963 yalipouunganisha na Kenya. Babu zetu waliokuwa wakienda Mombasa kwa kusi na kurudi kwa kaskazi hawakuwa wakivuka mpaka kama tunavyouvuka sisi. Mtu wa miaka 70 akikuuliza anahitaji hati gani kwenda Mombasa kumwona dada yake, usimwone hajasoma. Alizaliwa kabla ya mpaka huo.

Cheti cha uasili kinanisamehe malipo yote?

Hapana. Kinaondoa ushuru wa forodha tu. Kodi ya ongezeko la thamani ya nchi unayoingia inabaki kwa bidhaa zinazohusika, na ada za bandari zinabaki. Viungo na matunda vinahitaji cheti cha usafi wa mimea, vyakula vilivyosindikwa vinahitaji alama ya ubora. Alama ya ZBS, taasisi ya viwango ya Zanzibar, au ya TBS, shirika la viwango la Tanzania, inatakiwa kutambuliwa na nchi nyingine za Jumuiya chini ya sheria ya viwango ya 2006. Ukiwa nayo, usikubali kupimwa upya bila kuelezwa sababu.

Kwa nini mzigo uliolipiwa ushuru Unguja unadaiwa tena Dar es Salaam? Si nchi moja?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na hasira hiyo ina haki yake.

Sheria ya forodha ni moja, na viwango ni vile vile. Kinachotofautiana ni makadirio ya thamani. Televisheni au gari likikadiriwa thamani ndogo Unguja kuliko lingekadiriwa Dar, Bara hudai tofauti linapovuka. Hoja ya Bara ni kwamba bila hivyo kila mwagizaji angepitia Zanzibar. Hoja yetu ni kwamba anayebeba televisheni moja ya nyumbani kwenye boti hakwepi kodi, anahama. Suala hili limekuwamo kwenye kero za Muungano zilizojadiliwa na serikali mbili kwa miaka mingi, na baadhi ya kero zimefutwa. Mpaka litakapokwisha, hifadhi risiti zako za asili, na nyaraka za ushuru uliolipwa Unguja ziwe kwenye jina lako. Asiye na nyaraka hudaiwa ushuru wote badala ya tofauti tu.

Bidhaa iliyozalishwa Zanzibar haidaiwi ushuru wa forodha kuingia Bara. Wauzaji wa mwani, chumvi na viungo wasitishwe na habari hizi za ushuru wa televisheni na magari.

Kama kuna soko la pamoja, kwa nini siruhusiwi kuuza karafuu zangu Mombasa?

Kwa sababu karafuu ina sheria yake. Anayenunua kwa mkulima na kuuza nje ni Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, lililoanzishwa 1968, na sheria ya karafuu ya 2014 imelithibitishia nafasi hiyo. Kusafirisha karafuu kwa njia nyingine ni magendo. Kikosi cha KMKM kimebeba neno hilo kwenye jina lake: Kikosi Maalumu cha Kuzuia Magendo.

Hapo ndipo sheria inapoishia, na nawashauri wote waifuate. Chombo kinachotoka usiku na karafuu hakina manifesti, yaani orodha ya abiria na mizigo, na kikizama hakuna anayejua nani alikuwamo.

Lakini ukiwahi kuianika karafuu utajua kwa nini swali halifi. Siku ya kuchuma mtu anapanda mkarafuu mrefu kuliko nyumba, anashusha vishada. Jioni watoto na wanawake wanakaa chini kuchambua, karafuu huku, makonyo kule, vidole vikawa vyeusi. Asubuhi zinatandazwa juu ya majamvi. Kuna anayekaa kutazama mawingu tu, kwa kuwa mvua ya robo saa ikizikuta nje zinashuka daraja. Siku ya nne au ya tano unaikunja moja kwa vidole, ikikatika kwa kishindo kidogo imekauka. Mtu aliyefanya hayo yote akisikia kwamba ng'ambo kilo ni ghali zaidi, hotuba ya uzalendo haimtoshi.

Kwa maoni yangu, na nimeyatoa mbele ya wakubwa pia, bahari haifungwi kwa doria pekee. Serikali ilipopandisha bei ya mkulima kuanzia 2011, kwa ahadi ya kumpa asilimia 80 ya bei ya kuuzia nje, karafuu zilirudi vituoni zenyewe. Bei ya haki, mizani ya kweli na pesa taslimu siku ile ile vinafanya kazi ambayo boti za doria haziwezi. Mkataba wa umoja wa forodha hauilazimishi Zanzibar kuvunja shirika lake, lakini hauizuii pia kulipa vizuri.

Mchele wa mapembe, ule unaoletwa kutoka nje, ni ghali kwa sababu ya Jumuiya?

Kwa sehemu, ndiyo. Ushuru wa pamoja una viwango vinne: 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35 kwa mia. Nje ya hivyo ipo orodha ya bidhaa nyeti. Mchele kutoka nje ya Jumuiya umewekewa asilimia 75 au dola 345 kwa tani, kutegemea ipi kubwa, ili kuwalinda wakulima wa Mbeya, Shinyanga na wa nchi jirani. Sisi visiwani tunakula mchele kila siku na hatulimi wa kututosha. Kinachomlinda mkulima wa Kyela kinaweza kumwumiza mama wa Kojani.

Nchi mwanachama inaruhusiwa kuomba nafuu ya mwaka mmoja kwa bidhaa maalumu, na Arusha ikikubali hutangazwa. Hapo ndipo sauti ya Zanzibar inapotakiwa kusikika mapema, Machi na Aprili, wakati mapendekezo yanakusanywa. Ikifika Juni bajeti zinasomwa, na anayelalamika wakati huo analalamikia jambo lililokwisha.

Wakongo wanaonunua dagaa Unguja wamo kwenye msamaha wa ushuru sasa?

Kongo imekuwa mwanachama tangu 2022, lakini kuingia Jumuiya na kutekeleza umoja wa forodha ni hatua mbili. Muulize mnunuzi wako anatozwa nini upande wake kabla ya kukubaliana bei.

Biashara yenyewe ilitangulia mkataba kwa miaka. Ukifika kijijini Kama, kaskazini ya mji wa Unguja, utaona masufuria makubwa ya maji ya chumvi yakichemka, dagaa wakitumbukizwa na kuopolewa, kisha wakitandazwa kwenye chanja mpaka ufuo mzima unang'aa. Wanunuzi kutoka Kongo wanakaa hapo hapo kungoja wakauke. Watu hawa walijenga ushirikiano wa kikanda kabla ya waheshimiwa. Wanachokosa ni ghala lisilovuja wakati wa masika.

Na Wangazija? Ni majirani zetu wa damu.

Komoro haimo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki. Imo COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, ambako Tanzania ilijitoa mwaka 2000, na imo SADC, jumuiya ya maendeleo ya kusini mwa Afrika, ambako sisi pia tumo. Kwa hiyo cheti cha Afrika Mashariki hakifanyi kazi Moroni. Uza kwa bei ya kuchukulia hapa hapa, malipo mkononi, na mnunuzi ashughulikie forodha ya kwao.

Kenya ina mkataba wake na Ulaya. Sisi tumeachwa?

La. Tanzania ilikataa kutia saini mkataba wa ubia na Umoja wa Ulaya mwaka 2016, na Kenya ikaendelea peke yake, mkataba wake ukaanza Julai 2024. Lakini Tanzania imo kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni zaidi, na bidhaa za nchi hizo huingia Ulaya bila ushuru, kila kitu isipokuwa silaha, tangu 2001. Karafuu, mdalasini na mwani wetu vinaingia kwa mlango huo. Kikwazo cha Ulaya ni mabaki ya dawa, unyevu na usafi. Anika juu ya jamvi, usianike juu ya lami.

Eneo huru la biashara la Afrika nzima linanihusu?

Polepole. Lilitiwa saini Kigali Machi 2018, na biashara chini yake ilifunguliwa Januari 2021. Tanzania ilikuwa kati ya nchi nane za majaribio ya 2022. Kwa mwenye mzigo mdogo wa Mombasa, bado Jumuiya ya Afrika Mashariki ndiyo yenye nafuu kubwa zaidi.

Nikifungua kiwanda eneo huru la uchumi la Micheweni, Pemba, naweza kuuza Kenya bila ushuru?

Uwe na hadhari. Maeneo huru yamekusudiwa kuuza nje ya Jumuiya. Itifaki ya umoja wa forodha inaruhusu asilimia 20 tu ya mazao ya mwaka kuuzwa ndani, tena kwa kulipiwa ushuru. Anayelenga Mombasa na Dar ajenge nje ya eneo hilo.

Sisi wavuvi tunaokwenda dago, yaani kambi za uvuvi za msimu, Kenya tunahitaji nini?

Mnahitaji hati ya kusafiria, na kibali cha uvuvi cha Kenya kwa watu na kwa chombo. Soko la pamoja la 2010 linafungua njia kwa wafanyakazi na huduma, lakini rasilimali za bahari kila nchi inatoa leseni zake. Msiende kwa mazoea ya baba zenu. Mashine na nyavu zikishikwa, msimu umekwisha.

Wengi wa waliokwenda dago zamani hawakurudi, wakazaa Kilifi, Kwale na Lamu, na kwa miongo mingi watoto wao waliishi bila kitambulisho cha nchi yoyote. Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwatambua rasmi Wapemba kuwa jamii mojawapo ya Kenya na kuanza kuwapa vitambulisho. Mtu asiye na kitambulisho hafungui akaunti, hapati leseni, hauzi samaki wake kwa jina lake. Katika yote yaliyofanywa kati ya pande hizi mbili za bahari tangu nianze kazi, hili ndilo lililonigusa zaidi, ingawa halikuandikwa kwenye itifaki yoyote ya biashara.

Nikizuiwa bila sababu, nilalamike wapi?

Anza kwa kuomba uamuzi kwa maandishi, kwa upole. Ofisa asiye na sababu mara nyingi hubadilika akiambiwa aandike. Kila nchi ina kamati ya taifa ya kufuatilia vikwazo visivyo vya kodi, na ipo sheria ya Jumuiya ya 2017 kuhusu vikwazo hivyo. Lalamiko lako lipeleke wizara ya biashara ya Zanzibar pamoja na nakala za nyaraka. Bila nakala ni hadithi tu.

Na majirani huzuiana kweli. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 kutoka Kenya vilichomwa moto Namanga. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania kwa sababu ya sumu kuvu, yakaruhusiwa tena siku chache baadaye kwa masharti. Katika visa vyote viwili aliyepoteza alikuwa mtu mwenye mzigo barabarani.

Ikishindikana kabisa, raia wa kawaida anaweza kufungua kesi Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, bila kupitia serikali yake, lakini ndani ya miezi miwili tangu tukio.

Sheria hizi kwa nini hazipo kwa Kiswahili?

Mkataba wa 1999, ibara ya 137, ulikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi na Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano ya watu. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki makao yake ni hapa hapa Zanzibar. Ombi langu kwao ni dogo: waanze na fomu ya cheti cha uasili na orodha ya bidhaa zake. Ni kurasa chache, na zitawafaa watu wengi kuliko makongamano kumi.

Siku ya safari nishike nini mkononi?

Hati ya kusafiria, au hati ya dharura kutoka uhamiaji. Cheti cha uasili chenye muhuri. Ankara ya mzigo hata kama umeiandika mwenyewe, yenye idadi, uzito na bei. Cheti cha usafi wa mimea kwa viungo na matunda. Namba yako ya mlipakodi. Na hakikisha nahodha amekuandika kwenye manifesti, jina lako na mzigo wako. Kama unapita Tanga na barabara ya Horohoro badala ya jahazi, nyaraka ni zile zile, na pale kituo ni cha pamoja, unamaliza pande zote mbili chini ya paa moja.

Karatasi zitie kwenye kopo lenye kifuniko, si kwenye mfuko wa plastiki. Maji ya bahari yanafuta mihuri, na mifuko hiyo Kenya imeipiga marufuku tangu Agosti 2017.